Tiba radiolojia, kusoma picha au upasuaji: daktari kijana aende wapi?

Daktari aliyemaliza MD (shahada ya kwanza ya udaktari), akapiga intanship yake, akakaa kidogo hospitali ya wilaya au ya mkoa, siku moja hufungua fomu ya kuomba MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa, na kukwama palepale: ubingwa wa nini? Ulinganisho huu ni wa yule anayependa kazi ya mikono, anayevutiwa na picha, na bado hajaamua. Njia ninazozipima ni tatu. Ya kwanza ni radiolojia ya kawaida, kusoma picha na kuandika ripoti. Ya pili ni upasuaji. Ya tatu ni tiba radiolojia, yaani kumtibu mgonjwa kwa sindano, waya na mirija huku daktari akiongozwa na ultrasaundi, CT au eksirei inayoonekana papo hapo kwenye skrini. Naandika nikiwa na Tanzania kichwani, lakini nitagusa Uingereza na Marekani kwa wale wanaotazama huko.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Wengi huchagua tiba radiolojia kwa sababu ya mashine, na huko ndiko wanakokosea. Kinachotenganisha njia hizi tatu ni mgonjwa: nani anamwona kliniki, nani anampitia asubuhi wodini, nani anapigiwa simu akianza kutoka damu saa nane usiku.

Kazi yenyewe ikoje

Chukua kazi isiyokosekana hapa kwetu. Mwanamke ana saratani ya mlango wa kizazi. Uvimbe umeibana mirija ya mkojo pande zote mbili, figo zimejaa, kreatini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, inapanda kila inapopimwa, na madaktari wa saratani wanasita kumwanzishia dawa figo zikiwa katika hali hiyo. Mtaalamu wa njia ya mkojo amejaribu kupitisha mrija kutoka kwenye kibofu, lakini uvimbe umefunika tundu.

Daktari wa tiba radiolojia anamlaza kifudifudi. Anaweka ultrasaundi kiunoni na kutafuta chumba cha chini cha figo, upande wa nyuma, ambako hatari ya kugonga mshipa mkubwa wa damu ni ndogo. Anachoma ganzi. "Mama, utasikia kama nasukuma. Usijitikise, pumua taratibu." Sindano inaingia na ncha yake inamulika kwenye skrini ikishuka. Mkojo ukitoka, waya laini unapitishwa ndani ya sindano, sindano inachomolewa, njia inapanuliwa kidogo, kisha mrija wenye unene usiofika milimita 3 unateleza juu ya waya. Ncha yake inajikunja duara ndani ya figo ili usichomoke, kwa nje unaungwa kwenye mfuko. Mambo yakienda vizuri ni kazi ya nusu saa, na mgonjwa yuko macho muda wote. Siku zinazofuata kreatini inashuka, na mazungumzo kuhusu matibabu ya saratani yanaanza upya.

Mpangilio huo wa sindano, waya, kisha mrija ni wa Sven-Ivar Seldinger wa Sweden, aliyeuchapisha mwaka 1953 kwa ajili ya kuingia kwenye mishipa ya damu. Karibu fani yote imejengwa juu yake: kutoa nyongo kwa mgonjwa wa manjano, kuvuta usaha kwenye ini, kupanua mshipa wa mgonjwa wa kusafishwa damu, kupeleka dawa moja kwa moja kwenye saratani ya ini, kuziba mshipa kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Uvimbe wa fibroidi hutibiwa kwa kuiziba mishipa inayoulisha damu, kwa chembe ndogo zisizofika milimita moja. Jacques Ravina na wenzake wa Paris waliitangaza njia hiyo mwaka 1995, na tangu hapo mwanamke asiyetaka kufanyiwa upasuaji ana pa kukimbilia. Usiku wa kwanza maumivu huwa makali, na hapo ndipo utamjua daktari anayejua kulaza mgonjwa na yule anayejua kuingiza waya tu.

Msomaji wa picha siku yake ni nyingine kabisa. CT ya kichwa ya aliyepata ajali ya bodaboda, ultrasaundi ya mjamzito, eksirei za kifua hamsini kidogo, simu ya daktari wa wodini anayeuliza ripoti iko wapi. Upana wa maarifa yake unazidi wa hao wengine wawili: asubuhi yuko kwenye ubongo, mchana kwenye goti. Mpasuaji namwacha bila maelezo marefu, kila aliyepita intanship amesimama naye thieta na anajua miguu inavyouma kesi ya nne ikiingia.

Miaka ya kusoma

Kwa Tanzania hesabu iko hivi: MD miaka 5, intanship mwaka 1, MMed ya radiolojia MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) miaka 3. Hapo wewe ni daktari bingwa wa radiolojia na unaweza kuishia hapo. Ukitaka tiba radiolojia unaongeza MSc ya miaka 2, nayo inahesabika kuwa ubingwa bobezi. Mwaka 2018 timu kutoka Chuo Kikuu cha Yale zilianza kuja Muhimbili chini ya mpango wa mafunzo wa Road2IR. Mwaka uliofuata MUHAS ikapokea wanafunzi wa kwanza, nao wakahitimu 2021. Timu hizo zilikuwa za watu watatu watatu, daktari, muuguzi na mtaalamu wa mionzi, zikipokezana. Hilo lina somo lake: daktari mmoja aliyebobea bila muuguzi anayejua vifaa na bila fundi wa picha anayejua kusogeza mashine anabaki na cheti ukutani.

Upasuaji una faida ambayo watu wa radiolojia hawana. Mbali na MMed ya chuoni, kuna njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambako unafundishwa ukiwa hospitalini kazini, miaka 5 hadi ufelo (cheti cha ubingwa cha COSECSA) wa upasuaji wa jumla. Daktari mwenye familia na mkopo wa nyumba alipime hili kwa makini. Kwa tiba radiolojia hakuna njia kama hiyo. Lazima ukae pale mashine na walimu walipo.

Ufadhili wa Rais Samia kwa ubingwa na ubingwa bobezi umewasaidia wengi, lakini usipange maisha yako juu ya barua ambayo hujaipata.

Mgonjwa ni wa nani

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu fani hii imeumia na imejifunza hapahapa.

Tarehe 16 Januari 1964, huko Portland, jimbo la Oregon, daktari wa radiolojia Charles Dotter alimtibu bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake ulishaanza kuoza kwa kukosa damu. Wapasuaji walitaka kuukata, bibi akakataa. Dotter akapitisha mirija kwenye mshipa wa paja ulioziba, kila mrija mnene kuliko uliotangulia, damu ikapita, na bibi akaishi na mguu wake hadi alipofariki kwa maradhi mengine. Hakukuwa na kisu. Lakini kwa miaka mingi hospitali za nchi yake hazikumwelewa. Daktari mmoja mpasuaji aliyemletea mgonjwa apigwe picha aliandika kwenye fomu amri isiyo na utata: onyesha tu, usijaribu kurekebisha.

Mwaka 1977 Andreas Grüntzig akatumia puto kupanua mshipa wa moyo huko Zürich. Kazi iliyozaliwa kwenye radiolojia ikahamia kwa madaktari wa moyo, ikakaa huko. Leo ukiingia maabara ya mishipa ya moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, anayeingiza waya ni daktari wa moyo, na hakuna anayeshangaa. Marekani mishipa ya miguu nayo imegawanywa kati ya wapasuaji wa mishipa, madaktari wa moyo na watu wa tiba radiolojia, kila mmoja akivuta upande wake. Chanzo ni kimoja. Madaktari wa moyo na wapasuaji walikuwa na wagonjwa. Watu wa radiolojia walikuwa na chumba na mashine. Dotter mwenyewe aliwaonya wenzake kwamba wasipobeba dhamana ya mgonjwa watageuka mafundi bomba wa bei ghali, na eneo lao litachukuliwa na yeyote atakayenunua mashine na kujifunza ufundi.

Kwa hiyo jiulize bila kujidanganya. Je, unapenda kliniki? Unapenda kukaa na mama mwenye fibroidi dakika 20, kumweleza kwa nini tumbo halitapasuliwa, kumsikiliza akiuliza kama atazaa, kisha kumwona tena baada ya miezi 3? Kama hilo linakuchosha, nenda kasome picha. Si fani ya watu wavivu, na utakuwa bora kuliko kuwa mtu wa tiba radiolojia anayesubiri kuletewa karatasi na kuulizwa "umemaliza?". Nimewaona wa aina hiyo. Wana ufundi mkubwa, na hakuna mgonjwa hata mmoja anayelijua jina lao.

Mpasuaji hana tatizo hili. Mgonjwa anamjua, ndugu wanamjua, mtaani wanamjua. Na kwa mazingira yetu hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu mgonjwa mmoja akipona anakuletea wanne.

Zamu, mionzi na mgongo

Kuna imani kwamba radiolojia ni idara ya kiyoyozi na usingizi wa kutosha. Kwa msomaji wa picha kuna ukweli, hasa sasa ambapo picha zinatumwa kwa mtandao na ripoti inaweza kuandikwa ukiwa sebuleni, mtoto amelala. Bingwa mmoja anaweza kusoma picha za hospitali mbili tatu za mikoani bila kupanda basi. Tiba radiolojia haina nafasi hiyo. Mama anayevuja damu na mwenye usaha unaosambaa hawasubiri Jumatatu, na mahali penye mabingwa wawili tu, zamu ni usiku huu wako na kesho wangu, mwaka mzima. Hapo zamu zako zinafanana na za mpasuaji kuliko za yule mliyesoma naye MMed darasa moja.

Halafu kuna mionzi. Si ya kuogopwa kama mtaani wanavyosema, lakini si ya kupuuzwa pia. Kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kizio cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, na mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilishusha kiwango cha lenzi ya jicho kutoka 150 hadi 20 hizohizo, baada ya kuonekana kwamba mtoto wa jicho huja kwa dozi ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Kwa hiyo miwani yenye madini ya risasi ni lazima kama aproni ya madini hayohayo, ingawa utakutana na wakubwa wanaoiacha kwenye droo. Umbali nao ni kinga ya bure: ukirudi nyuma kutoka mita 1 hadi mita 2 dozi inabaki robo. Hapa Tanzania kipima mionzi kinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Kivae, kipeleke kikasomwe, uliza majibu yako. Kuna wanaokiacha kwenye kabati ili kisionyeshe namba kubwa, na huo ni ujinga wa kujidhuru mwenyewe.

Kinachowaumiza wengi hasa ni aproni. Ni kilo kadhaa za risasi mabegani, saa tatu au nne, umeinama kidogo, shingo imegeukia skrini. Vaa ya vipande viwili, sketi na kizibao, ili kiuno kibebe sehemu ya uzito. Mwenye tatizo la mgongo tangu chuoni afikirie mara mbili.

Madaktari wa kike huniuliza kuhusu ujauzito, na mara nyingi wameshatishwa na mtu. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtoto aliye tumboni ni milisiveti 1 kwa kipindi kilichobaki baada ya mama kutoa taarifa, na kwa aproni nzuri, kipima mionzi cha ziada kiunoni na mpangilio wa kazi, wengi huendelea bila kukifikia. Pia sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwa ultrasaundi, isiyo na mionzi hata kidogo. Azza Naif, mwanamke wa kwanza Mtanzania kubobea katika fani hii, alitoka kwenye programu hiyohiyo ya Muhimbili. Anayekuambia hii ni kazi ya wanaume mwombe aeleze sababu.

Waya ukiisha

Msomaji wa picha anahitaji kompyuta nzuri na umeme. Mpasuaji wa jumla anahitaji vifaa vinavyochemshwa na kutumika tena. Mtu wa tiba radiolojia anahitaji sindano, waya, katheta (mirija myembamba ya kupita ndani ya mishipa), mirija ya kutoa maji, stenti (vijibomba vya kuacha njia wazi) na chembe ambazo kwa sehemu kubwa ni za kutumika mara moja, zinaagizwa nje, na kila moja ina saizi yake. Kukosekana kwa waya wa saizi moja kunaweza kuahirisha kesi ambayo kila kitu kingine kipo. Mgonjwa ameshalala njaa, ndugu wamesafiri kutoka Singida, na wewe unatoka kwenda kuwaeleza.

Mjadala wa mashine kubwa ya kuangalia mishipa huwa unapewa uzito usiostahili. Kazi nyingi zinazookoa watu kwetu, kama kuchukua kinyama cha kupima, kutoa usaha, kufungua figo na nyongo, zinaanza na ultrasaundi na eksirei ya kawaida ya kwenye skrini. Daktari anayejua ultrasaundi barabara ana kazi hata hospitali ya kanda isiyo na mashine ya mabilioni. Asiyeijua atakaa akisubiri mashine.

Pesa

Mshahara wa serikali unaangalia ngazi yako, hauangalii kama unashika kisu au waya. Tofauti inatokea nje ya saa za kazi. Msomaji wa picha ana soko kubwa tayari: kila kituo kilichonunua CT kinatafuta mtu wa kuandika ripoti, na malipo ni kwa kila picha. Mpasuaji ana hospitali binafsi zinazomjua. Mtu wa tiba radiolojia hospitali zenye vyumba vyake ni chache na ziko mijini, na mara nyingi bima inabidi iletewe maelezo kuhusu kazi ambayo haimo kwenye orodha yake ya bei. Miaka ya mwanzo wengi wao hula kwa kusoma picha, na waya unashikwa siku chache za wiki. Akikuambia mtu kwamba fani hii inalipa haraka hapa nyumbani, muulize anafanya kazi wapi.

Ukiangalia nje

Uingereza, baada ya miaka 2 ya msingi unaingia mafunzo ya radiolojia ya miaka 5, na tiba radiolojia inaongeza mmoja. Imetambuliwa kama tawi la radiolojia tangu 2010. Marekani mwaka 2012 iliifanya kuwa fani kamili inayobeba vyeti viwili, vya kusoma picha na vya tiba. Njia ya moja kwa moja ni miaka 6 pamoja na intanship yao, au unamaliza radiolojia ya kawaida kisha unaongeza 2. Huko kazi ni nyingi, vifaa vipo, na ushindani wa kuingia ni mkali, mkali zaidi kwa aliyesomea nje. Aliyeko Dar mwenye ndoto hiyo aanze na mitihani yao mapema, si baada ya MMed.

Swali la akili bandia lazima litajwe. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mtafiti mashuhuri wa akili bandia, alisema watu waache kufundisha wataalamu wa radiolojia, kwa kuwa ndani ya miaka 5, labda 10, mashine zitawapita. Hospitali bado zinawatafuta. Kazi ya msomaji wa picha itabadilika, hilo halina ubishi, ila sioni sababu ya kijana kuikimbia kwa hofu hiyo pekee.

Ningemshauri nani nini

Anayetaka jioni zake, anayependa kujua kidogo kuhusu kila ugonjwa, au ambaye mwenzi wake anafanya kazi mkoa mwingine: asome picha. Anayependa kufungua na kuona kwa macho, na anayetaka kufanya kazi hata hospitali ya wilaya: upasuaji, bila kusita, kwa sababu mpasuaji akipelekwa Kibondo ana kazi kesho yake, na mtu wa waya hana. Anayependa ufundi mdogo wa uangalifu, anayevumilia kuelezea kazi yake kila siku kwa madaktari wasioijua, na aliye tayari kuendesha kliniki na wodi: tiba radiolojia. Kwa tabia, watu wa kundi hili ni wakaidi kidogo, na inawasaidia.

Ukiwa bado katikati, MMed ya radiolojia ndiyo ya kuanzia, maana baada ya miaka 3 unaweza kwenda upande wowote kati ya miwili, wakati aliyeingia upasuaji akitaka kurudi kwenye picha anaanza upya. Tumia miaka hiyo kushika ultrasaundi mwenyewe badala ya kumwachia fundi. Na kabla hujaomba ruhusa ya mwajiri kwenda kwenye MSc, nenda kwa mganga mfawidhi wa hospitali utakayorudi umuulize mambo matatu: nani atakuwa muuguzi wako, vitanda vyako viko wodi gani, na bajeti ya waya na katheta inakaa idara ipi. Akikujibu "utakaporudi tutaangalia", omba barua ya maandishi, au tafuta hospitali nyingine kabla hujaanza kusoma.